Nimeacha kutembea na baba ili nisome, lakini maneno hayanijii

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, ni muuguzi, sijaolewa, naishi na baba yangu mzazi. Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Nakuandikia saa saba na robo usiku. Daftari liko wazi mbele yangu, lakini macho hayasomi tena.

Najifunza Kijerumani. Nia yangu ni kwenda kufanya kazi ya uuguzi Ujerumani, na huko wanataka cheti cha lugha cha kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya sita. Mtihani nimeshaufanya mara moja. Kusoma nilipita vizuri, kuandika nikapita kwa tabu, kusikiliza na kuongea nikaanguka. Nimejiandikisha tena. Zimebaki wiki 14.

Matokeo yalipotoka nilichukua kalamu nikaipigia siku yangu hesabu, nione muda unavujia wapi. Tundu kubwa kuliko yote lilikuwa kutembea. Siku tano kwa wiki, asubuhi au jioni kutegemea zamu, nilikuwa natoka na baba kwa dakika 40 hivi. Tunakwenda hadi kwenye benchi moja chini ya mti, tunapumzika kidogo, tunarudi. Daktari wake alimwambia atembee kwa sababu ya shinikizo la damu. Mimi nilikuwa namsindikiza tu. Nikamwomba aende mwenyewe mpaka mtihani upite. Akaniambia, "Haya mwanangu, soma." Akaenda siku tatu, ya nne hakwenda. Sasa anashinda sebuleni na redio, na viatu vyake vya kutembelea viko mlangoni palepale alipovivua.

Mengine niliyokata sikuyahurumia. Mpira wa wavu wa Jumamosi nimeacha. Chakula nakula nimesimama. Nikiwa zamu ya mchana nalala saa saba usiku, naamka saa kumi na moja alfajiri. Kahawa ya mwisho nakunywa saa nne usiku, maana saa nne ndipo rafiki yangu S. ananipigia simu ya video, tunasoma mpaka saa sita na nusu. Tuko naye darasa moja na mtihani tutafanya siku moja. Huyu S. ndiye aliyenikopesha nusu ya ada nilipoanguka. Nikipiga miayo hunicheka: "Usingizi utaulala ukishafaulu."

Kila siku naandika maneno mapya 40. Leo ni siku ya 35, kwa hiyo nina maneno 1,400 kwenye daftari. Lakini Shangazi, wiki iliyopita mwalimu aliniuliza "mto wa kulalia" unaitwaje. Neno hilo nililiandika siku nne kabla. Niliuona ukurasa kichwani, nikaona hata wino ulikuwa wa kijani, neno lenyewe likakataa kuja. Nikanyamaza. Akajibu mwenzangu. Das Kissen. Na wodini nashika mito kutwa!

Mdogo wangu wa kiume, anayeishi mbali na sisi, kanitumia ujumbe kwamba mtu anayefanya mazoezi hushika lugha upesi, kwa hiyo nirudi nikatembee na mzee. Sijui kama anasema kweli au anataka tu baba asikae peke yake ili yeye apate amani huko aliko. Nimepiga hesabu: dakika 40 kwa siku tano ni 200, kwa wiki 14 ni 2,800. Hizo ni zaidi ya saa 46. Nikianguka tena nitailaumu kila hatua niliyopiga. Nisipokwenda, kila nikipita mlangoni naviona vile viatu.

Na S. nitamwambiaje kwamba nataka kulala, mtu aliyenitolea fedha zake?

Mimi mwenye daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za mtihani, mara ya pili nikajikuta nasoma habari za viatu. Unaniuliza kama kutembea kutakusaidia au kutakuangusha, lakini ndani ya swali hilo umemweka baba, na nyuma ya baba umemsimamisha S. na deni lake. Kwenda au kutokwenda utaamua mwenyewe, maana zamu zako unazijua wewe, na baba yako unamjua wewe. Mimi nitakaa nawe tuyageuzegeuze haya mambo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa naona ndizo unazoziamini. Hazina kosa. Dakika 2,800 ni 2,800. Ila tazama ulichohesabu: maneno yanayoingia daftarini. Yanayotoka mdomoni hukuyahesabu. Kesho ukipata nafasi, fungua kurasa mbili tatu za wiki ya pili, funika upande wa Kijerumani kwa kiganja, uone mangapi yanakuja ukiyaita. Idadi usiniambie. Nataka tu uione wewe, kabla hujaamua muda wako unavujia wapi hasa.

Kissen uliliandika, ukaliacha, ukakimbilia mengine 160 kabla mwalimu hajakuuliza. Neno lolote lingepotea humo. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Katika moja ya majaribio hayo, kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa kama kurudia mara 68 kwa mkupuo mmoja. Maana yake kwako si kwamba upunguze bidii. Ni kwamba ile nafasi iliyo kati ya marudio, ambayo wewe umeiita tundu, ina kazi yake. Labda maneno mapya 15, na mengine 25 yawe ya juzi na ya wiki iliyopita, uyaite bila kuyatazama. Hatari yake naijua: daftari litanenepa polepole, na mtu aliyeanguka mara moja huogopa sana kuona daftari halinenepi.

Usingizi sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Saa nne za usingizi kwa siku 35! Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi, kisha wakawapima baada ya kulala na baada ya kukaa macho muda uleule. Baada ya kulala walikumbuka zaidi. Tangu hapo jambo hilo limechunguzwa mara nyingi kwa njia nyingi, na picha inayopatikana ni kwamba tukilala ubongo huendelea kuyapanga na kuyaimarisha tuliyojifunza mchana. S. anasema usingizi utaulala ukishafaulu. Lakini maneno ya leo yanahitaji usingizi wa leo. Ule wa baada ya miezi mitatu utayakuta yameshaondoka.

Kuna jingine, na kwa muuguzi ni kubwa kuliko Kijerumani. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliolala kwa muda wa saa 6 au chini ya hapo kila usiku kwa majuma mawili. Umakini wao ulishuka hadi kufikia ule wa mtu aliyekesha usiku mmoja, au hata miwili mfululizo. Kilichonishtua mimi ni kwamba wenyewe hawakujiona wamechoka kiasi hicho, walihisi wamezoea. Wewe unapima dawa. Unasoma majina kwenye vitanda. Naamini hata ukiacha kabisa habari ya mtihani, hilo ungependa kulifikiria mchana, ukiwa umeamka vizuri.

Kahawa ya saa nne usiku sitaisema sana. Mwilini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo hata saa tisa usiku bado nusu yake iko nawe. Ukitoka zamu ya usiku, mambo yanageuka lakini kanuni haibadiliki: pitia maneno machache, funga pazia giza liwe giza, ulale mchana kwa moyo mmoja bila kuliwekea daftari zamu nyingine. Watu wazima wanashauriwa walale kwa muda wa saa 7 au zaidi. Kwa ratiba ya wodi huenda usizipate kila siku, najua, lakini kati ya nne na saba pana nafasi kubwa.

Haya, mdogo wako. Anasema kweli au anatafuta amani yake? Nadhani yote mawili, na moja halilibatilishi jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Münster, hukohuko Ujerumani unakokwenda, waliwakimbiza vijana 27 mbio fupi za nguvu kabla ya kujifunza maneno mapya, na wakayashika kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kuliko walipokimbia taratibu au walipopumzika. Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti mwingine wa wanafunzi wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Waliokanyaga baiskeli ya mazoezi walipokuwa wakijifunza walifanya vizuri kuliko waliokaa kwenye kiti, kwa maneno na hata kwa kuelewa sentensi, na mwezi mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Mwili ukijongea damu huzunguka vizuri, usingizi mzito wa mchana hukatika, na ubongo hupokea. Mgongo wako nao utakushukuru.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Wale wa Münster walikimbia kwelikweli, na wewe unazungumzia mwendo wa mzee mwenye presha. Utafiti unaofanana zaidi na matembezi yenu ni wa mwaka 2011. Watu wazima 120 wenye umri mkubwa waligawanywa makundi mawili: wengine wakatembea dakika 40 siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, wengine wakafanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Kwa waliotembea, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, hipokampasi, iliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Kwa wale wengine ilipungua. Dakika 40, mwanangu, zilezile zenu. Tena huo ni utafiti wa baba yako zaidi kuliko wako, na ni wa mwaka, wewe una wiki 14. Kwa hiyo mtu akikuambia utembee utapata cheti, muulize kakisomea wapi. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba dakika 200 kwa wiki zinaingia sawasawa ndani ya zile 150 hadi 300 za mwendo wa wastani ambazo Shirika la Afya Duniani lilizishauri kwa watu wazima mwaka 2020. Mlikuwa mmeshafika, bila kujua, ukayaita matembezi hayo tundu.

Sasa niruhusu niguse mahali ambapo huenda pakauma.

Ulianguka kusikiliza na kuongea. Dawa uliyojiandikia ni kuandika. Katika barua nzima hakuna mahali umeniambia umezungumza Kijerumani na mtu. Hata na S. umesema mnasoma. Mwalimu alipokuuliza ukanyamaza, na ukimya huo umeueleza kama ugonjwa wa kumbukumbu. Huenda ni kweli, kwa usingizi huo sishangai. Lakini je, kama daftari limekuwa pia mahali pa kujificha? Mtu akiandika hakosei mbele za watu. Nauliza tu, nawe utajua jibu kuliko mimi. Na nikuonye upande wa pili: hata matembezi yanaweza kuwa maficho. Wapo waliotoka kwenda "kuupa ubongo hewa" wakarudi mtihani umepita.

Ukiamua kutoka, unaweza kutoka kwa namna kadhaa. Ya kwanza ambayo kila mtu atakushauri ni kuvaa hedifoni na kusikiliza masomo njiani. Inasaidia, hasa kwa mazungumzo uliyokwisha kuyaelewa ambayo unataka sikio liyazoee. Somo jipya gumu litakupita huku unaangalia magari. Ila fikiria anayetembea kando yako. Baba atakuwa na mtu ubavuni na bado atakuwa peke yake. Hedifoni ningeiweka kwa njia ya kwenda na kurudi kazini, tena sikio moja likiwa wazi barabarani.

Ya pili ni kutembea bila Kijerumani chochote. Mnaongea ya nyumbani, au hamwongei. Ukirudi unakaa robo saa kuyaita maneno ya jana. Huo ndio utembezi wa kweli kwa baba, na kwa kichwa chako pia. Lakini kwa jinsi ninavyokusoma, wiki za mwanzo utakuwa unahesabu dakika kila hatua, na mzee atakusikia ukizihesabu hata usiposema.

Ya tatu ni hii, nayo sijui kama itawafaa. Ongea Kijerumani kwa sauti, kwa baba. Mweleze unachokiona: mti, mtoto anayevuka, mwanamke aliyebeba mzigo. Yeye haelewi neno, na hapo ndipo utamu wake, kwa sababu hawezi kukucheka kwa kukosea der na die, yale maneno madogo yanayotangulia majina ya vitu. Mpe kadi kumi zenye Kiswahili upande mmoja, awe anakuuliza. Kwa wewe unayenyamaza mbele ya mwalimu, sioni msikilizaji mpole kuliko huyo. Hatari zipo: makosa yako hayatasahihishwa, na kosa likirudiwa kila siku huota mizizi, hivyo utahitaji mtu wa kukusahihisha baadaye. Na mzee mwenyewe huenda hataki kugeuzwa darasa. Muulize kwanza. Akikataa, amekataa.

Na huenda ukaamua usirudi kabisa, mdogo wako aje mwisho wa wiki, au jirani aende naye. Hilo nalo si dhambi. Lakini umeandika kwamba ulikuwa "unamsindikiza tu". Daktari alimwandikia kutembea, naye ameweza siku tatu bila wewe. Mtu aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita, pengine alichokuwa anakifuata jioni si benchi. Na pengine aliyekuwa anasindikizwa, siku nyingine, ulikuwa wewe.

S. nimemwacha mwisho kwa sababu naona ndiye unayemwogopa. Alikukopesha ada. Deni la fedha hulipwa kwa fedha, polepole, kwa tarehe mtakazokubaliana. Hukuweka usingizi wako rehani, na sidhani kama yeye aliudai. Huenda anapiga simu saa nne kwa kuwa na yeye anaogopa kukaa peke yake na kitabu. Unaweza kumwomba msogeze simu mpaka saa mbili usiku, iwe dakika 40 au 50, na iwe ya kuongea tu: mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi, daftari limefungwa. Hapo ndipo makosa ya matembezini yatasahihishwa, na yeye atapata mazoezi ya mdomo ambayo nina hakika anayahitaji vilevile. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema umelegea. Ukimwambia mapema, kwa sauti, kabla hujaanza kusinzia mbele yake na kutoa visingizio, nafasi ya kueleweka ni kubwa zaidi. Mpira wa Jumamosi mimi ningeuangalia baadaye. Huwezi kurudisha kila kitu wiki moja.

Kama unaona wiki 14 ni nyingi mno kuzifungia uamuzi, chukua mbili. Lala, tembea au usitembee, ujipime kwa kile kiganja juu ya daftari mwanzoni na mwishoni. Zitabaki 12, nawe utakuwa na hesabu nyingine ya kuweka kando ya ile 2,800. Mgongo ukianza kuuma, au ukilala mapema na usingizi usije, uko karibu na madaktari kuliko wasomaji wangu wengi. Usimpe mgonjwa ushauri ambao wewe mwenyewe huufuati.

Nisalimie mzee. Na mkifika tena kwenye lile benchi, siku yoyote itakayokuwa, mwambie Wajerumani wanaliita die Bank, na benki ya fedha nayo wanaiita die Bank vilevile. Kwa wingi tu ndipo zinapoachana: benchi ni Bänke, benki ni Banken. Nataka kujua atasema nini.

Shangazi